Ugogo kwa Miguu, Frasila Mbili Begani

Mwaka 1967, Kanada ilipotimiza miaka 100, timu 10 za wapiga makasia zilishusha mitumbwi mtoni pale Rocky Mountain House, karibu na milima ya magharibi, zikaenda nayo hadi Montreal. Zaidi ya kilomita 5,000, siku 104. Walikuwa wakirudia njia ya vibarua wa zamani waliosafirisha manyoya ya biva, mnyama wa mtoni ambaye ngozi yake ilikwenda kutengenezewa kofia za matajiri wa Ulaya. Penye maporomoko vibarua hao walitoka majini, mtumbwi ukapanda mabegani na mizigo mgongoni. Furushi moja lilikuwa la ratili 90, yaani kilo 41 hivi, na kawaida mtu alibeba mawili kwa mpigo.

Habari hiyo aliileta mwalimu mmoja mstaafu kijiweni kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, jioni ya kahawa na kashata. Alikuwa ameisoma mahali, na kama kawaida yake hakutaka ipite bure. "Wenzenu wanarudia njia za babu zao," alisema. "Ninyi mnakimbia kila Jumamosi na fulana za rangi moja, mnazunguka mji, mnarudi kunywa supu." Kijana wa bodaboda akamjibu kwamba Dodoma hakuna mto wa kuelea hata sufuria. Ni kweli. Mito yetu kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, na mtu akitaka maji anachimba. Mwalimu akavuta fundo la kahawa, akasema, "Mto hatuna, mwanangu. Njia tunayo. Imepita hapo Matumbulu."

Njia aliyoisema ni ile kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, kilomita 1,200 hivi, ikipitia Mpwapwa, Ugogo, Kilimatinde na Tabora. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na waya wa shaba vikapanda bara. Watumwa nao walishushwa kwa njia hiyo hiyo. Mji wa Dodoma haukuwa kituo kikubwa cha misafara, maana mji wetu ni mtoto wa reli. Wapagazi walipita kusini mwake, Mvumi, Matumbulu, Bihawana, wakifuata maji. Basi klabu yetu ya jogging ikakubaliana, baada ya mabishano yasiyo na idadi, kutembea kutoka Mpwapwa hadi Kilimatinde, kuivuka Ugogo yote, na mizigo tubebe wenyewe.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya mzigo, kuliko umbali. Mpagazi wa njia hii alibeba frasila mbili, kilo 32 hivi, mbali na vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, akiba ya chakula, na mara nyingi silaha. Mkanada alibeba uzito mkubwa zaidi, lakini kwa vipande vifupi, kutoka maji hadi maji. Akishafika anaketi na kushika kasia. Mpagazi wetu hakuwa na chombo cha kumpokea. Tuliamua uwepo mzigo mmoja wa kweli utakaobebwa kwa zamu: kiroba cha unga wa mahindi cha kilo 25, tukakiongezea dumu dogo la maji na maharage mpaka mizani ya muuza nafaka ikasoma 32.

Fundi cherehani wetu, mtu wa maneno machache, alikiangalia kiroba kile akatikisa kichwa. Akakimimina, akagawa unga katika mifuko midogo, akaipanga kwa urefu, akaifunga turubai na kuikaza kwa kamba huku akiipiga kwa mpini wa jembe. Kilichotoka kilikuwa kirefu, chembamba na kigumu kama gogo. Hatukuelewa mpaka tulipoanza kutembea. Mzigo laini unaning'inia, unateleza, unambana mtu shingo kila hatua. Mzigo mgumu unakaa. Wafunga mizigo wa Bagamoyo walifanya hivyo hivyo: mitumba ya merikani na kaniki ilitwangwa na kukazwa mpaka ikawa magogo ya kulaza begani. Chuma na Susi nao, watumishi wa msafiri David Livingstone, walipoushusha pwani mwili wake, waliuviringisha na kuufunga kama mtumba wa nguo ili usizue maswali njiani. Ulifika Bagamoyo Februari 1874. Uliwapitia watu wengi waliodhani wanaona bidhaa.

Dada mmoja katika kundi letu anaendesha genge la mama lishe pale mtaani. Wanaume tulikuwa tumejipangia zamu za kubeba bila hata kumuuliza. Siku ya mazoezi, tulipokuwa tunahema na kubadilishana mabega, yeye alisokota khanga akafanya kata, akaomba atwishwe, akatembea kutoka Chang'ombe kuelekea Kizota bila kugeuza shingo. Vijana walinyamaza. Wanawake walikuwamo katika misafara ya zamani kwa wingi, wake na ndugu wa wapagazi, wakibeba vyungu, chakula na watoto mgongoni. Wageni walioandika vitabu waliwataja kwa kupita tu. Kuanzia siku hiyo dada yule ndiye aliyekuwa kilongozi wetu, yaani mtangulizi wa msafara. Hakuna aliyempigia kura.

Nayaeleza haya ya mzigo kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyoanza kunibadilisha fikra. Nilikua na picha moja tu ya mpagazi: mtu mwenye shingo ndani ya mti wa panda, anayechapwa, anayeburutwa hadi Bagamoyo. Picha hiyo ina ukweli wake mchungu, na soko la watumwa la Zanzibar halikufungwa mpaka 1873. Lakini wengi waliobeba mizigo katika njia hii ya kati walikuwa watu huru wa ujira, na walio wengi kati yao Wanyamwezi. Wao wenyewe ndio walioifungua njia, mwanzoni mwa karne ya 19, wakishuka pwani na pembe zao kabla misafara ya Waarabu na Waswahili haijazoea kupanda. Walipatana ujira kabla ya kuinua mzigo. Walikuwa na heshima za kazi: wabeba pembe walitangulia, nyuma tu ya kilongozi mwenye bendera, na pembe kubwa isiyobebeka na mmoja ilibebwa mzegazega, ikifungwa kengele ili isikike. Walisafiri kiangazi, baada ya mavuno, na mvua zikikaribia walitaka kuwa shambani kwao. Hii ilikuwa kazi yenye msimu wake, kanuni zake na majivuno yake, kama ilivyo kazi ya bandarini au mgodini leo.

Soma vitabu vya Burton aliyepita hapa 1857, au vya Stanley aliyepita 1871, utakuta malalamiko yale yale: wapagazi wamegoma, wametua mizigo, wametoroka usiku, wanataka posho kwanza. Wazungu hao waliyaita mambo hayo uvivu na utundu. Sisi tuliobeba kilo 32 kwa zamu, tena kwa hiari na kwa kicheko, tuliona jambo jingine. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku, robo tatu ya kilo hivi. Mnyime mtu kibaba hicho siku mbili, kisha mwambie ainue frasila mbili. Kutua mzigo ndiyo ilikuwa lugha pekee ambayo mwenye msafara alilazimika kuisikiliza.

Mpwapwa tulilala kwa jamaa wa Mwalimu. Mji ule una historia ya kutosha kitabu: misafara iliyotoka pwani ilijaza hapo chakula kabla ya kukabili ukame, wamisionari wa CMS walifika 1876, Wajerumani chini ya Wissmann wakajenga ngome 1889. Lakini asubuhi ile hakuna aliyekuwa na hamu ya historia. Kulikuwa na baridi ya Julai, upepo mkavu, na mzigo. Tulianza kabla ya jua, kama wao, na kabla ya saa sita tulikuwa Chunyo.

Chunyo ni mahali ambapo njia inakuuliza swali. Magharibi yake inalala Marenga Mkali, nyika ambayo wasafiri wa zamani waliipima kuwa kama maili 30 bila maji ya kutegemea, kilomita karibu 50. Leo haiko tupu kama zamani. Kuna mashamba ya mtama na alizeti, kuna vijiji, na bodaboda hukatiza zikiacha vumbi. Hata hivyo katikati ya kiangazi miiba na ukimya wake bado ni ule ule, na Mwalimu alikataa katakata tuivuke kwa mtindo wa mazoezi, yaani kuamka alfajiri na kukaza mwendo. Alitaka tufanye terekeza.

Terekeza ulikuwa ufundi wa wapagazi kwa nchi isiyo na maji. Msafara unapika na kula vizuri penye kisima cha mwisho, unajaza vibuyu, unapumzika wakati wa jua kali, kisha unaondoka mchana ukielekea jioni. Unatembea mpaka giza. Unalala pakavu, bila kupika. Alfajiri unaondoka tena, na unafika maji ya upande wa pili kabla jua halijawa adui. Kwa hesabu hiyo unavuka mwendo mrefu ukiwa umekutana na jua la mchana mara moja tu, tena likiwa linashuka. Hakuna aliyeandika jina la aliyebuni hesabu hiyo. Burton na mwenzake Speke walivushwa nayo, Stanley akavushwa nayo, na ramani walizochora zimebeba majina yao.

Tulitoka Chunyo saa nane na nusu mchana. Dada wa genge alituamuru kila mmoja anywe maji mpaka akatae, kisha akafunga madumu na kusema hayafunguliwi mpaka tukilala. Kijana wa bodaboda alinung'unika. Jua liliposhuka upepo ukageuka wa baridi, na kilichonishangaza ni jinsi mwendo ulivyojipanga wenyewe: aliyebeba mzigo ndiye aliyeweka hatua, wengine wote nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kumpita. Kwenye jogging zetu za Jumamosi mwenye nguvu anatangulia na mnyonge anabaki nyuma akijikokota. Hapa mwenye nguvu alikuwa anasubiri zamu yake.

Tulipita chini ya reli mpya ya SGR gizani, kwenye kivuko cha watu na mifugo. Treni ilipita juu yetu ikiwa na taa zake zote. Tangu 2024 abiria anatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa chini ya saa nne. Humo ndani mtu alikuwa pengine anachaji simu. Tulitua mzigo tukaitazama mpaka ikapotea. Reli ya kwanza ya njia hii, ya Wajerumani, ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa mwendo huo huo ikawa inafuta kazi ya mpagazi kituo baada ya kituo. Hakuna aliyewalipa fidia. Miaka michache baadaye vita vya kwanza vya dunia viliwarudisha watu wa nchi hii mizigoni, safari hii kwa kukamatwa, na hesabu za upande wa Waingereza peke yake zilionyesha karibu watu laki moja waliokufa wakibeba. Mtu akisema upagazi ulikuwa utumwa, mara nyingi anakumbuka huo wa vita bila kujua, na kuurudisha nyuma kwa watu waliokuwa wanapatana bei.

Asubuhi tulikaribia Mvumi midomo imepasuka. Kwenye kisima cha pampu ya mkono, mama mmoja alikuwa amekaa na daftari. Tulimwamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, naye akaitikia vizuri, akatuuliza tunatoka wapi, akatupa pole. Kisha akasema maji ni ya kulipia, dumu kwa bei yake, na wageni kundi zima waandikwe. Kijana wa bodaboda, ambaye midomo yake ilikuwa mibaya kuliko ya wote, aling'aka. "Mama, maji ya Mungu haya, tumetembea kutoka Chunyo!"

Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu, maji ni ya Mungu, lakini pampu ni yetu. Ikiharibika nani anakuja kutengeneza? Ninyi mtakuwa mmeshapita."

Mwalimu alikuwa tayari ametoa pesa. Akalipa, akaomba jina la kundi liandikwe vizuri, na alipogeuka alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota. "Mmesikia?" akasema. "Hiyo ndiyo hongo."

Katika vitabu vya wasafiri, Ugogo ina sifa mbaya moja kubwa: hongo. Kila mtemi alidai nguo kabla ya msafara kupita, doti kadhaa za merikani na kaniki, na mazungumzo yaliweza kumshikilia mtu kambini siku nzima na zaidi. Hiyo haikuwa rushwa ya kupenyezwa chini ya meza. Ilidaiwa hadharani, mbele ya wazee, na kila mwenye msafara alijua atalipa. Stanley alipiga kelele. Burton alipiga kelele. Nami nilisoma kelele zao nikiwa shule nikaziamini, na hata Wagogo wenzangu wengine huona aibu kidogo, kana kwamba babu zetu walikuwa wanyang'anyi wa barabarani.

Sasa fikiria msafara wa watu mia kadhaa, pengine elfu, unaingia kijiji kimoja mwezi wa nane. Maji yako katika visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto au kwenye ziwa dogo linalokauka. Ng'ombe wa kijiji wanayategemea, na mvua ni Desemba. Elfu hao watakunywa, watapika, watanunua nafaka yote iliyo karibu, watakata miiba ya kuzungushia kambi, na kesho watakuwa wameshapita. Wengine watakuwa wameacha ndui. Mtemi asiyedai kitu angekuwa mtemi wa namna gani? Nguo zile ziligeuzwa ng'ombe, na ng'ombe ndiyo benki ya nchi ambayo mvua zake haziaminiki. Mimi nimekata shauri: hongo ya Ugogo ilikuwa bei ya haki, na walioilalamikia walikuwa wateja wasiopenda kulipa.

Nasema hivi nikitokea Chang'ombe, mtaa unaojua maji yana bei. Serikali ilipoamua 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, mamlaka ikaundwa ya kupanga mji, na wakati ramani za mji mzuri zinachorwa, watu waliokuja kujenga mji huo walihitaji pa kulala. Wengi walilala kwetu, kwenye viwanja visivyopimwa. Maji yalikuja kwa baiskeli, madumu yamefungwa pande mbili, na aliyeyasukuma alilipwa kwa dumu. Mpaka leo mji unategemea sana visima vya bonde la Makutupora, na mgao ukikaza baiskeli hurudi. Mtu anayesukuma madumu manne kupanda mlima saa saba mchana anabeba zaidi ya mpagazi wa Tabora. Tunampigia kelele akipandisha bei.

Kijiji kimoja mbele ya Mvumi kilitusimamisha kwa njia ya kisasa zaidi. Ofisa alitaka barua ya utambulisho, na barua tuliyokuwa nayo ilitaja Mpwapwa na Kilimatinde bila kutaja vijiji vya katikati. Tukakaa chini ya mbuyu mpaka alasiri, simu zikipigwa huku na huko. Mwalimu alifurahia kila dakika. Alisema Stanley alikaa kama sisi, pengine chini ya mbuyu huu huu, maana mibuyu huishi sana. Hatimaye tukasaini kitabu cha wageni na kuruhusiwa, na mwenyekiti wa kitongoji akatuletea ubuyu na maziwa ya mgando ambayo hakutaka hata senti moja.

Matumbulu tulikuwa karibu na nyumbani. Mtu angeweza kuita bodaboda akalale kwake. Wawili walifanya hivyo na hatukuwasema, maana wapagazi nao waliacha msafara walipofika karibu na kwao. Tuliobaki tulikaribishwa na babu mmoja mwenye umri wa kuheshimiwa. Tulimpa shikamoo, Mwalimu akamweleza kwa Kigogo safari yetu: misafara, pembe, Wazungu. Nilitegemea angetuonyesha mahali pa kambi. Babu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tunazungumzia watu wa kabla ya Mtunya au wa baada yake.

Mtunya ni njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wanaume, na mvua nazo zikagoma. Babu alisimuliwa na mama yake. Alisema watu walitafuta mizizi, familia zikatawanyika, na waliorudi walikuta mahame. Juu ya Stanley hakuwa na neno. "Wajukuu zangu," alisema, "waliopita walipita. Sisi tunahesabu waliochukua." Mwalimu alifunga daftari lake kwa muda.

Baadaye, akiwa amejilaza kwenye mkeka, alituambia kwamba Mathias Mnyampala, malenga wetu wa huku huku Dodoma, aliandika historia, mila na desturi za Wagogo kwa Kiswahili na kitabu kikachapishwa 1954, ili mambo kama hayo yasipotee. Aliuliza nani kati yetu amekisoma. Nitaliacha swali hilo hapo.

Kutoka Bihawana hadi ukingo wa magharibi sina mengi ya kusema. Kulikuwa na joto, miiba, ugali wa uwele na mlenda, na miguu iliyoacha kulalamika kwa sababu imezoea. Mbuga ya Bahi tuliiona ikiwa nyeupe kwa chumvi na ukavu. Kisha ukuta wa Bonde la Ufa ukasimama mbele yetu na tukaupanda polepole hadi Kilimatinde, mzigo ukibadilishwa kila baada ya hatua chache. Dada wa genge ndiye aliyeufikisha juu. Wajerumani waliweka boma hapo, na kwa muda Kilimatinde ilikuwa makao ya utawala. Reli ilipopita pembeni, umuhimu wake ukahamia Manyoni. Hospitali ya kanisa inafanya kazi, upepo ni mzuri, na ukitazama mashariki unaiona Ugogo yote imelala chini. Kutoka hapo wapagazi walikuwa bado na Mgunda Mkali mbele yao, pori refu la kwenda Tabora. Sisi tulipanda gari.

Unga ulikuwa umepungua, lakini mzigo ulibaki na uzito wake, maana kila tulipopunguza unga dada aliongeza maji. Alikuwa na hoja: mwenye msafara hakupunguza mtumba kwa sababu mpagazi amechoka.

Kuna jambo linalonikera tangu turudi. Njia hii imetajwa na Tanzania katika orodha ya UNESCO ya maeneo yanayosubiri kupendekezwa kuwa urithi wa dunia tangu 2006, kwa jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, na Mpwapwa na Kilimatinde zimo. Bagamoyo kuna makumbusho, Kwihara kuna tembe la Livingstone, Ujiji kuna mnara wake na Stanley. Hapa katikati, ambapo msafara uliishi au ulikufa kwa hesabu ya maji, hatukuona kibao kimoja kinachomtaja mpagazi. Pembe walizobeba zilifika hadi Connecticut, Marekani, zikakatwa vipande vya kubonyezwa kwenye piano, na miji iliyofanya kazi hiyo, Deep River na Ivoryton, bado inajisifu nayo. Mmoja umejiita kabisa kwa jina la pembe. Wakanada hawakusubiri mtu wa nje awaambie kwamba vibarua wa mitumbwi walikuwa watu wa maana. Waliwapigia makasia siku 104.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri za Mpwapwa, Chamwino, Bahi na Jiji la Dodoma, na kwa wenzetu wa mambo ya kale, ni dogo. Wekeni vibao vinne: Chunyo, Mvumi, Matumbulu na Bihawana. Andikeni kwa Kiswahili na Kigogo kwamba hapa walipita Wanyamwezi na wenzao wakiwa na frasila mbili, na kwamba hapa Wagogo waliwauzia maji.

Nawe msomaji, ukitaka kuijaribu, nenda Julai au Agosti. Funga mzigo wako uwe mgumu. Barua ya utambulisho itaje kila kijiji. Ondoka Chunyo baada ya saa nane mchana, umekunywa mpaka ukakataa, na ukifika Mvumi lipia maji bila ubishi.